Mkutano wa Mtaa si Gwaride

Mtu wa Nyasubi hafundishwi kuuliza. Kata hii ya mji wa Kahama huishi kwa biashara: mpunga na mahindi, maduka na karakana, mizigo iendayo Rwanda na Burundi, na dhahabu itokayo pande zote za ukanda huu hadi Geita. Katika biashara hizo asiyeuliza huliwa. Mnunuzi wa mpunga hutumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka chini, kwa maana anajua kwamba uzuri wa juu si ushahidi wa kilichopo chini. Mchimbaji mdogo aletaye dhahabu yake sokoni hausogelei mzani kwa heshima, bali kwa macho makali. Hakuna anayewaita watu hao wakorofi. Tunawaita watu makini.

Lakini mtu huyo huyo, akiinuka katika mkutano wa mtaa na kuuliza fedha za mchango wa darasa zimefikia wapi, hugeuka ghafla kuwa mkorofi, mchochezi, mtu wa kuangaliwa. Makini aliyoitumia sokoni asubuhi haitakiwi mkutanoni alasiri. Mkutanoni hutakiwa apige makofi, aitikie, atie saini mahudhurio na arudi nyumbani.

Sisemi haya kwa kuunyooshea kidole mtaa mmoja wa Nyasubi. Nasema juu ya desturi mbaya iliyoenea katika mitaa na vijiji vingi vya nchi hii, nayo Nyasubi naitoa kama mfano wa mahali ambapo gharama ya desturi hiyo ni kubwa. Kila mtumishi wa umma na kila mwalimu anayesoma makala hii anaijua, maana wengi wetu tumekaa meza kuu tukiitazama, na wengine tumeiandikia muhtasari.

Desturi hiyo ina sura nyingi. Ya kwanza ni sura ya saa. Mkutano huitwa saa nne na kuanza saa sita. Mgeni rasmi huhutubia kwa muda apendao. Taarifa ya mapato na matumizi husomwa kwa kasi ambayo hata mhasibu hawezi kuifuata. Hatimaye hufika ajenda ya mwisho, ile iitwayo Mengineyo, na hapo ndipo Mwenyekiti hukumbuka kwamba ana saa mkononi. Husema: "Muda umekwisha, tutachukua maswali matatu tu." Watu mia mbili, maswali matatu.

Sura ya pili ni ya ajenda. Mwananchi huuliza juu ya mtaro uliobomoka mbele ya nyumba yake, akaambiwa jambo hilo si ajenda ya leo. Akiuliza lini litakuwa ajenda, huambiwa kwamba swali hilo nalo si ajenda ya leo. Sura ya tatu ni ya karatasi: andika swali lako, lete ofisini, utajibiwa. Karatasi huingia mkobani, na mkoba ule una mlango wa kuingilia tu. Sura ya nne ni ya upangaji: huyu ni mpangaji, hana nyumba hapa, hana la kusema. Katika mji kama Kahama, ambako maelfu wamehamia kwa ajili ya biashara na uchimbaji, neno hilo moja huwanyamazisha watu wengi kwa mkupuo. Sura ya tano ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni ya maneno manne tu: "Wewe umetumwa na nani?"

Tujiulize, ndugu zangu: tangu lini mwananchi akahitaji kutumwa ili aulize juu ya mali yake?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haikuacha shaka katika jambo hili. Ibara ya 8 inawafanya wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kuamua mambo yanayomhusu yeye, maisha yake na taifa lake. Na Ibara ya 146 inaeleza sababu ya kuwapo kwa serikali za mitaa, nayo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Haisemi kupeleka matangazo kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inaufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa wa kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18, na inaupa mamlaka ya juu kuhusu sera na mwelekeo wa mambo ya kijiji. Haiulizi nani ana hati ya nyumba wala nani ana kadi ya chama gani. Inauliza makazi na umri, basi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mageni, yametoka Ulaya pamoja na wafadhili. Hao hawakisomi Chama chao. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulikemea waziwazi kiongozi mwenye majivuno, mwenye kudharau na kuonea watu, ukadai usawa kati ya kiongozi na anayeongozwa. Na Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya demokrasia mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikumbusha kwamba kiini chake ni wazee wa Kiafrika walioketi chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Chini ya mti ule hapakuwa na Mengineyo. Mzungumzo ndio uliokuwa mkutano.

Tena historia yetu wenyewe imetufundisha kwa gharama. Mwaka 1972 nchi ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Nia ilikuwa njema: kuwapeleka wataalamu karibu na wananchi na kuharakisha maendeleo. Wataalamu wakaenda, lakini madaraka yakakaa na wataalamu. Mipango ikawa inashuka, maoni hayapandi. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za kuzirudisha serikali za mitaa, nazo zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu alikiri kwamba, kama angeanza upya, kuzifuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia. Kiongozi mkuu wa taifa hakuona aibu kusema alikosea. Iweje basi mtendaji wa mtaa aone aibu kuulizwa bei ya mifuko ya saruji?

Sasa turudi Nyasubi, tuone kwa nini nimesema gharama ya kunyamazisha watu ni kubwa zaidi mahali kama hapo.

Mkazi wa kijiji ana silaha zaidi ya moja. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano ukikataa, ardhi haigawiwi. Mkazi wa mtaa hana rungu la namna hiyo. Mji unapokua, unapopanda kutoka mji mdogo hadi halmashauri ya mji, na kutoka hapo hadi manispaa, kama Kahama ilivyopanda, madaraka ya ardhi na ya mipango hupanda nayo kwenda ofisini. Mtaa hauna ardhi ya kugawa. Hauna sheria ndogo zake. Kamati yake hushauri na kupeleka taarifa kwenye kata. Katika Baraza la Madiwani, ambako mambo huamuliwa, mlango uko wazi kwa sheria, lakini mwananchi aliyeingia humo huketi kama msikilizaji. Anayesema ni diwani.

Kwa hiyo mkazi wa Nyasubi ameachiwa kitu kimoja tu, nacho ni kusema. Mkutano wa mtaa ndio mahali pekee ambapo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, anaweza kuyafikia masikio ya serikali yake. Ukimnyang'anya dakika zake tatu, umemnyang'anya vyote.

Liko pia suala la fedha. Mgodi wa Buzwagi, uliopo jirani kabisa na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusimamisha mwaka 2021. Kwa miaka ile, ushuru wa huduma, ambao kwa sheria ya wakati huo ulikokotolewa kwa asilimia 0.3 ya mauzo, ulikuwa chanzo kikubwa cha mapato ya halmashauri. Mgodi ulipokoma, mzigo uliinama kwa wengine: mwenye duka, mwenye kibanda, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mama lishe. Zamani aliyelipa alikuwa na ofisi, wanasheria na wakaguzi wa hesabu, na alipotaka kuuliza alipiga simu kwa Mkurugenzi akasikilizwa. Anayelipa leo ana kinywa chake na mkutano wa mtaa. Je, ni haki kwamba mlipaji mkubwa alisikilizwa kwa simu, na mlipaji mdogo asisikilizwe hata akisimama?

Hata kwa migodi inayoendelea, Bulyanhulu na Geita, sheria imekaa upande wa mwananchi. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, katika kifungu cha 105, yanamlazimisha mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri nayo imepewa kazi tatu: kutoa mwongozo, kusimamia utekelezaji, na kuwaelimisha wananchi juu ya miradi iliyo katika maeneo yao. Mtu ataelimishwaje juu ya mradi asioruhusiwa kuuliza? Darasa likijengwa kwa fedha za dhahabu na ukuta ukapasuka kabla ya mvua ya pili, anayeuona ufa wa kwanza ni mzazi na mwalimu, wala si mkaguzi kutoka Dodoma.

Wapo wakazi wanaotaka kujua nani walipata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyowekwa kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nalo hili huambiwa si la mkutano. Kama si la mkutano wa watu ambao fedha hizo zimetengwa kwa ajili yao, ni la mkutano gani?

Yatupasa sasa kusema jambo ambalo wenzetu wengine wa Chama hawapendi kulisikia, na ukurasa huu ndio mahali pake. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, Chama Cha Mapinduzi kilitangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na asilimia 99 ya vijiji. Vyama vya upinzani vililalamikia uchaguzi huo, hasa kuenguliwa kwa wagombea wao. Mjadala huo una wenyewe na una mahali pake. Ninachosema mimi ni hiki: pale ambapo mwenyekiti ni wetu, wajumbe wa kamati ni wetu na diwani ni wetu, hakuna tena mtu mwenye cheo atakayeuliza swali gumu. Amebaki mwananchi aliyekaa kwenye nyasi. Ushindi wa namna hiyo haumpunguzii mwananchi haki ya kuuliza. Unatuongezea sisi wajibu wa kujibu. Chama kilichokabidhiwa kila kiti kikianza pia kuchagua maswali, kitajikuta kimebaki na maswali ya kujisifu, na kitashangaa siku kitakapokuta watu hawaji tena mikutanoni.

Na tayari tunayasikia malalamiko ya watendaji kwamba wananchi hawahudhurii, akidi haitimii, mikutano huahirishwa. Tunawalaumu wananchi kwa uvivu. Lakini mtu mwenye kibanda cha biashara, aliyekifunga saa tatu nzima ili aje kuhutubiwa na kuondoka na swali lake mdomoni, atakifunga tena mara ya pili kwa sababu gani?

Nisiwadhulumu wale wenye mawazo tofauti. Wanayo hoja. Wanasema kwamba mkutano bila mipaka hugeuka soko. Kwamba mtu mmoja mwenye kisa na jirani yake aweza kula muda wa watu wote. Kwamba tuhuma zikitupwa hadharani bila ushahidi huharibu majina ya watu wasio na hatia. Hoja hiyo si ya kupuuza, hasa mkoani Shinyanga. Ni katika maeneo haya ya Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako wananchi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi walianzisha Sungusungu. Mikutano yao ya hadhara ilikuwa na nguvu kubwa. Iliwarudishia watu usalama wao, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini nguvu hiyo hiyo, pale ilipokosa utaratibu, iliwaumiza watu waliohukumiwa bila kusikilizwa. Na vikongwe wa ukanda huu waliouawa kwa tuhuma za uchawi ni doa ambalo hatuwezi kulifuta.

Nakubali, basi, kwamba mipaka ni lazima. Ubishi wetu ni juu ya mipaka ya nini. Kuweka mpaka wa muda ni utaratibu. Kuweka mpaka wa jambo linaloulizwa ni udikteta mdogo. Kumwambia mtu aseme kwa dakika tatu ni kumheshimu yeye na mwenzake anayesubiri. Kumwambia asiulize juu ya fedha, kiwanja au mwenendo wa mtendaji ni kumlinda mkubwa. Na tukumbuke kwamba tuhuma zilizowaua vikongwe hazikukomaa katika mikutano ya wazi ambako mtu huulizwa "una ushahidi gani?" Zilikomaa katika minong'ono. Ukimziba mtu mdomo mkutanoni hukuziba maneno. Umeyahamishia kilabuni, na huko hakuna mwenyekiti.

Tofauti hii wengine wameshaiona. Kenya waliweka ushiriki wa umma katika Katiba yao ya mwaka 2010, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kabla ya kutozwa. Hata Marekani, makao makuu ya ubepari, ambako si kawaida yetu kwenda kutafuta mafunzo ya siasa, sheria ya mikutano ya wazi ya jimbo la California inalitaka baraza la mji kumpa mwananchi nafasi ya kusema. Baraza laweza kupunguza dakika zake, ila haliruhusiwi kumkataza kulikosoa baraza lenyewe. Kama mabepari wameona kwamba saa ina mpaka na ukosoaji hauna, sisi tuliorithi siasa ya usawa tunashindwaje?

Mambo ya kufanya si mengi, wala hayahitaji fungu la fedha. Kwanza, maswali ya wananchi yatangulie hotuba za wageni. Mgeni rasmi akisubiri nusu saa hatapungukiwa na cheo. Pili, kama wananchi wamewekewa dakika, meza kuu nayo iwekewe dakika. Tatu, taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku kadhaa kabla ya mkutano, ikiwa na mchanganuo, ili watu waje wakiwa wameisoma. Nne, kila swali liandikwe katika muhtasari pamoja na cheo cha anayepaswa kulijibu, na mkutano unaofuata uanze kwa majibu ya maswali hayo kabla ya jambo jingine lolote. Tano, tuhuma za jinai zielekezwe kwenye vyombo vya sheria, mbele ya watu wote, na muhtasari uonyeshe zimeelekezwa wapi, ili neno "ofisini" lisiwe kaburi. Na sita, maneno "umetumwa na nani" yapigwe marufuku katika vinywa vya viongozi.

Nayasema haya kwa watumishi wa umma na walimu kwa sababu kalamu iko mikononi mwetu. Mwenyekiti anachaguliwa kila baada ya miaka mitano; mtendaji ameajiriwa, na ndiye mwandishi wa muhtasari. Swali lisiloandikwa ni kama halikuulizwa. Nimeona mihtasari mingi iliyofungwa kwa sentensi ile ile: wananchi walipokea taarifa na kuipongeza. Mtendaji aliyeandika hivyo, hali akijua kwamba watu wanne walisimama kuhoji na wawili wakakalishwa, ameidanganya serikali iliyomwajiri. Mkurugenzi anaposoma uongo huo hupanga bajeti juu yake, na siku ghadhabu ya wananchi inapolipuka, kila mtu ofisini hushangaa imetoka wapi.

Na wewe mwalimu, asubuhi unasimama mbele ya darasa la uraia ukiwafundisha watoto haki ya kutoa maoni. Jioni baba wa mmoja wa watoto hao anakalishwa kwa kejeli katika mkutano wa mtaa unaoishi, nawe umo, umekaa safu ya mbele kwa sababu una kiti chako, unatazama viatu vyako. Mtoto yule anajifunza kutoka wapi, ubaoni au mkutanoni? Wewe pia ni mkazi. Inua mkono, useme: "Mwenyekiti, naomba ndugu yule aachwe amalize." Hayo hayavunji kanuni yoyote ya utumishi, na aghalabu yanatosha.

Matawi ya Chama nayo yasikae kimya yakisubiri maelekezo kutoka juu. Mwenyekiti wa mtaa aliyepita kwa tiketi yetu aitwe katika kikao cha tawi aulizwe ni maswali mangapi aliyapokea katika mkutano uliopita, mangapi yalijibiwa, na mangapi aliyaua kwa saa yake ya mkononi. Akishindwa kujibu, wanachama wamkumbuke siku fomu za kugombea zitakapotolewa tena.